Nilisema Panya wa Mke Wangu Wamedekezwa

Shangazi, shikamoo, na kabla hujajiuliza kwa nini mtu mzima mwenye koti jeupe na shahada ukutani anakuandikia wewe badala ya kuongea na mkewe, nakuomba unisome hadi mwisho, maana mke wangu ndiye tatizo, au tuseme mimi ndiye tatizo na mke wangu ndiye anayejua, au bado hajajua, na hapo hasa ndipo ninapokosa usingizi.

Mimi ni mkemia. Kazi yangu ni kuunda molekuli, yaani nachukua kemikali hii na ile, nazichemsha, nazipoza, nazichuja, mpaka kipatikane kitu ambacho juzi hakikuwepo duniani. Nilianzia kiwanda cha sabuni, nikitengeneza harufu ya maua kwa watu wasio na bustani, kisha nikaajiriwa kwenye taasisi ya utafiti, na huko nikajulikana kwa jambo moja, usafi. Unga wangu ukitoka kwenye chupa ni mweupe mpaka unaona haya kuugusa. Wenzangu wananiita Bwana Safi, na sitakuficha, jina hilo nalipenda kuliko lile nililopewa na wazazi.

Mke wangu nilimpata kwenye korido hiyohiyo. Yeye ni mtaalamu wa dawa za ubongo, mlango wa tatu kutoka kwangu, na dawa anazipima kwa panya. Siku ya kwanza aliingia maabara kwangu, akatazama chupa zangu zilivyopangwa rafuni, akasema, "Nzuri sana. Zinafanya nini?" Shangazi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Tangu hapo mimi natengeneza, yeye anapima, tukaoana, na maisha yetu yote yakawa kutafuta dawa moja tu, ya watu ambao mikono yao inatetemeka wasiweze hata kushika kijiko. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Akija kwetu tunamjazia kikombe nusu, naye anajua kwa nini, na hakuna anayelisema.

Mwaka jana mambo yakaiva. Nilimpa mke wangu unga mpya, akawapa panya wake wanaotetemeka, wakatulia, wakawa wanatembea juu ya kijiti chembamba kama wacheza sarakasi. Profesa, mkuu wetu, alimkumbatia kila mtu, mpaka fundi aliyekuja kutengeneza friji. Akawaalika wageni wakubwa waje kujionea, wale ambao neno lao ndilo litakaloamua kama maabara yetu itaendelea au itafungwa.

Mke wangu ni mtu makini, akaniomba unga mwingine arudie kipimo. Nikautengeneza, na kwa mbwembwe za wageni nikausafisha kuliko wa kwanza. Panya wakapewa. Wakatetemeka vilevile, kama waliopewa maji.

Kikaoni mke wangu akasimama, akasema taratibu, "Unga wa pili haufanyi kazi." Watu wote wakanigeukia. Sijui nini kilinipata, Shangazi, nikausikia mdomo wangu unasema, "Unga wangu hauna kasoro. Labda panya wako umewadekeza." Kuna mtu alicheka. Mke wangu hakucheka. Alifunga kompyuta yake, akakaa.

Tangu siku hiyo nyumbani ananiongelesha kikazi. "Ndugu mtafiti, chumvi iko upande wako." "Ndugu mtafiti, maji yamechemka, lakini thibitisha mwenyewe." Kitandani nimepewa mgongo ulionyooka kama rula. Na katikati ya vita hiyo mama mkwe akaja kukaa nasi, akatusikia mezani tukibishana, mimi nikisema panya wana kasoro, mke wangu akisema panya wake ni wazima, na kesho yake akarudi kutoka dukani na mtego. "Baba," akaniambia kwa upole, "nitegee hapo chini ya kabati, mikono yangu hainitii. Na hao wanaotetemeka si watanaswa upesi?" Nikapiga magoti, nikatega. Ningemwelezaje?

Sasa sikia kilichonileta kwako. Jumamosi, maabara ikiwa tupu, nilichukua mabaki ya ule unga wa kwanza nikaupima upya, nikitafuta ushahidi wa kumnyamazisha mke wangu. Nikakuta uchafu. Ni kidogo, kama ufuta uliomwagikia gunia la mchele, lakini upo, molekuli nyingine kabisa iliyojitengeneza yenyewe pembeni, chupa ilipopata moto kupita kiasi siku niliyotoka kwenda kupokea simu. Nimeitenga kwenye kichupa. Unga wa pili hauna hata chembe yake. Umeshanielewa, Shangazi? Kilichowatuliza panya huenda si kile nilichokihangaikia miaka yote hii. Huenda ni takataka yangu! Kila nilivyozidi kusafisha ndivyo nilivyozidi kuimwaga dawa kwenye ndoo.

Wageni wanakuja wiki ijayo. Nimewaza nitengeneze unga wa tatu, niuchafue kidogo kimyakimya, nimpe mke wangu, panya watulie, Profesa afurahi, nami niseme, "Unaona? Walikuwa na mafua tu." Au ninyamaze kabisa, lawama wabebe panya, wao hawana pa kulalamika. Niambie la kufanya, maana nikisema kweli, Bwana Safi atajulikana kila mahali kwa uchafu wake.

Ni mimi,
Mkemia Niliyebanwa na Mlango wa Tatu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nikicheka na nimeimaliza nimekunja uso.

Kwanza pole, na pole hii ni ya kweli. Kuhangaika na kitu miaka mingi halafu ukaambiwa ulichokitaka sicho, cha maana ni kile ulichokitupa, si jambo la kumeza mara moja. Haya, pole imeisha. Tuendelee.

Mimi kemia niliiacha shuleni siku nilipomuunguza mwalimu nyusi, lakini kusoma najua. Mkeo alisimama mbele za watu akasema alichokiona. Hakusema wewe ni mchafu, hakusema wewe ni mvivu, alisema unga haufanyi kazi. Wewe ukawatukana panya, na hao panya ni kazi yake, ni akili yake, ni miaka yake kama ya kwako. Hilo unalijua vizuri sana, ndiyo maana mimi nisiyekujua umeniandikia yote haya na yeye unayelala naye chumba kimoja hujamwambia hata neno moja.

Na huo unga wa tatu! Yaani uuchafue kwa siri, mkeo apime, aandike, aweke jina lake, halafu siku moja mtu wa mbali huko arudie kazi hiyo akute uongo, na aliyetia saini ni yeye? Bahati yako barua haina mkono. Ndani ya nyumba yako kuna mama anayejaziwa kikombe nusu, na wewe unataka kitu kinachoweza kumfaa kibaki ndooni ili uendelee kuitwa Safi. Hebu jisikilize.

Halafu kuna neno umeliandika mara mbili na hukulisikia. Umesema "huenda". Huenda maana yake hujui. Sasa nani wa kukujulisha, mimi na gazeti langu? Mwenye panya ndiye wa kukujulisha.

Kwa hiyo utafanya hivi, na usingoje kesho. Chukua hiyo takataka uliyoigundua, nenda mlango wa tatu, piga hodi. Kemia usianze nayo. Sema, "Nilikosea kukuaibisha," kisha funga mdomo, na akitaka kusema, aseme mpaka achoke. Ndipo umkabidhi chupa na kumweleza kila kitu, pamoja na ile simu uliyoiona ina maana kuliko moto. Mkimaliza nendeni kwa Profesa wote wawili, wageni hawajafika, na umuombe mkeo radhi kwenye kikao kilekile, kwa sauti ileile uliyomtukania. Wakicheka, wacheke. Na huo mtego uutegue leoleo kabla mama wa watu hajapoteza kidole, umweleze binti yake anafanya kazi gani. Ni mama yake, na mikono inayotetemeka ni yake. Ana haki ya kuelewa.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea mwenyewe kabla ya kulichapa, kwa kuwa wageni wake wasingengoja gazeti. Ameniandikia tena.

Anasema alipiga hodi, akasema maneno yake, akanyamaza. Mkewe akamalizia kwanza kuwalisha panya wake, mmoja mmoja. Kisha akaipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga, akauliza, "Ndicho hiki kilichoutia umanjano unga wa kwanza?"

"Uliuona?"

"Kila mtu aliuona, mume wangu. Ila kwako hakuna wa kulisema."

Wakapima. Panya wengi wakatulia, wachache wakalala kama wamelewa, kwa hiyo kazi bado ipo tele. Wageni waliambiwa yote bila kufichwa. Hawakupiga makofi, lakini waliuliza maswali mpaka chakula kikapoa, na maabara haikufungwa. Mama mkwe ameomba apelekwe akawaone panya, amewatazama, amesema ni wazuri kuliko alivyowadhania.

Sasa mtu na mkewe wanagombania jina la nani litangulie kwenye makala watakayochapisha. Mke anasema panya ni wake. Mume anasema takataka ni yake. Ananiuliza niamue, na niliapa magomvi ya aina hiyo siyagusi. Lakini pembeni ya barua kuna mwandiko mwingine, mdogo, wa wino mwekundu, uliomsahihisha tahajia sehemu tatu, na chini kabisa umeongeza: "Shangazi, mwambie."

Mwanangu, jina lake litangulie.