Jina Lililoitwa kwa Tumbaku

Kambi ya chai, Kericho
9 Machi 2024

Kwa Mama Rebeccah, Ndanai,

Chamgei. Hiyo ndiyo salamu niliyojifunza hapa kambini, natumaini nimeiandika vizuri. U mzima? Watu wa nyumbani na ng'ombe wako salama? Mimi ni mzima kiasi. Mvua imeanza na majani yanaota haraka kuliko mikono yetu.

Hunijui kwa sura. Naitwa Quinter Akinyi. Nililelewa Oyugis na mama aliyeitwa Loice, ambaye zamani alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Chepilat. Alifariki mwaka jana. Hakunificha kwamba hakunizaa, na hata angenificha, watoto wa shule wangeniambia, maana waliniita Lang'o, yaani mtu wa kabila lenu. Hapa kambini nako naitwa Mjaluo, na wakati wa kura huwa naweka viatu karibu na mlango, nisichelewe kukimbia. Lakini jina lako sikulijua mpaka Mama Loice alipokuwa kitandani. Alisema, "Aliyekuzaa ni Rebeccah wa Ndanai, karibu na josho la ng'ombe. Ukimhitaji, mtafute. Usipomhitaji, mwache apumzike."

Sikukuhitaji, mama, sitakudanganya. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaja kuchuma chai, nikazoea. Sasa nakuhitaji. Nilijifungua mtoto wa kiume mwezi wa kwanza, na tangu hapo naiogopa mikono yangu.

Nitaandika wazi kwa sababu sijui kuandika kwa njia nyingine. Nikimwogesha, akili inanionyesha akiwa chini ya maji, na mikono inayomkandamiza ni hii yangu. Sitaki. Nampenda. Lakini picha inakuja, hata mchana kweupe, hata nikiwa katikati ya chai na yeye nimemwacha na jirani. Kisu changu nimempelekea huyo jirani, anaitwa Gesare, nikamwambia kwake kuna msumari mzuri wa kukitundika.

Swali langu ni moja. Ulinitoa kwa nini? Ulikuwa ukiogopa hivi? Kama ni kitu cha damu, niambie nijue.

Barua hii inaletwa na Oyoo, muuza omena anayekuja soko la Ndanai. Ni mtu wa kunyamaza. Unaweza kumpa jibu.

Ni mimi,
Quinter Akinyi, mchuma chai


Ndanai
16 Machi 2024

Kwa Quinter,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi ni wazima. Mahindi tumepanda, mzee ana kikohozi lakini anatembea.

Barua yako imefika. Huyo unayemtafuta si mimi. Kina Rebeccah ni wengi hapa Ndanai, hata kwenye kwaya ya kina mama tukiitwa tunageuka kundi zima. Mimi ni mke wa mtu, watoto wangu ni wakubwa, na katika nyumba hii hakuna anayejua habari kama hiyo. Simu ya hapa hupokelewa na yeyote aliye karibu, kwa hivyo usitafute namba. Usiandike tena. Nitakuombea.

Rebeccah, mama ya Kipruto

Mtoto ananyonya? Mwambie tu huyo muuza omena, atanieleza.


Kambi ya chai, Kericho
30 Machi 2024

Kwa mama ya Kipruto,

Salamu za Pasaka. Kikohozi cha mzee kimepungua? Mahindi yametoka?

Ananyonya. Ananyonya kama mtu aliyechelewa kazini. Sikumwambia Oyoo, nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa sababu Rebeccah ambaye si wewe hangeuliza.

Hali yangu imezidi. Nimeacha kumwogesha kwenye beseni, nampangusa kwa kitambaa nikiwa nimesimama mbali. Gesare alinikuta akasema, "Wee Quinter, mbona unapangusa mtoto kama dirisha la ofisi?" Nikacheka naye. Alipotoka nilikaa sakafuni nikashindwa kuinuka mpaka mtoto akalia.

Analia sana. Kina mama wa kwetu waliomo kambini wanasema analilia jina, kwamba kuna marehemu anayetaka aitwe yeye. Kina mama wa kwenu wanasema tuite majina ya wazee mpaka apige chafya. Wote wananiuliza, majina ya kina nani? Ya watu wa Loice, au ya wale wengine? Baba yake, Kepher, angenisaidia kujibu, lakini mashine za kuchuma zilipoletwa zikachukua kazi yake, alikwenda Naivasha kwenye mashamba ya maua na simu yake imezima. Basi kwenye kadi ya kliniki ameandikwa mtoto wa Quinter.

Nesi wa kliniki aliniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Nikisema ukweli watamchukua, na mimi nitafungiwa na wenda wazimu.

Kuna mwanamke anaitwa Molly, ana duka Chepseon, hajajaliwa mtoto. Aliniambia, "Akinyi, huyu kijana akikulemea, kwangu kuna nafasi." Aliyasema kwa mzaha, lakini hakucheka. Mimi nilikuwa salama kwa Loice. Labda naye atakuwa salama kwa Molly kuliko kwangu. Nimemwambia aje mwisho wa mwezi wa nne.

Kama una neno, lilete kabla.

Quinter, mama wa mtoto asiye na jina


Ndanai
21 Aprili 2024

Kwa Quinter, mtoto wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Kikohozi cha mzee kimeisha. Leo mvua ni kubwa, hakuna aliyekwenda kanisani, nami nimejifungia jikoni kana kwamba napika.

Nimekawia. Oyoo amekuwa akija sokoni na mimi napita meza yake kama simwoni. Siku moja akaniambia, "Mama, omena haziumi." Nikaenda zangu. Samahani.

Ni mimi niliyekuzaa.

Ulipozaliwa, mama mkwe wangu na wanawake wa boma walikaa kukuitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine, kama tufanyavyo. Jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo lake, na watu hucheka na kumkaribisha aliyerudi. Wewe ulipiga chafya kwa jina la Taplelei. Taplelei alikuwa shangazi ya mume wangu, alijitupa mtoni akafa. Hakuna aliyecheka. Nakumbuka kuku akiingia ndani na hakuna aliyemfukuza.

Baadaye mimi nikaanza kuogopa. Kwangu hayakuwa maji, lilikuwa jiko. Nilikuwa naona mikono yangu ikikuweka motoni. Nikawa nakufunga mgongoni na kukaa nje kwenye baridi, ili nisikuone na nisiwe karibu na moto. Wakasema ni Taplelei anamsumbua mama, mtoto atolewe kwa watu wengine, ambako marehemu wetu hawajui njia. Hawakusema mimi ni mgonjwa. Walisema wewe ni mzigo mbaya. Na mimi nilikubali.

Loice nilimjua pale Chepilat. Nikienda kununua omena alikuwa anakubeba, anakataa kukurudisha, tunacheka. Siku ya kukutoa nilikuweka mikononi mwake. Akaniuliza, "Umefikiria, nyaminwa?" Alikuwa ananiita hivyo, yaani dada. Nikamwambia, "Mchukue kabla sijafikiria."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo jibu la swali lako. Nilikutoa ili hofu iondoke na wewe. Wewe uliondoka, hofu ikabaki. Nilifika nyumbani, jiko limezimwa, hakuna mtoto wa kuungua, na nikaona yaleyale. Nilikaa nayo miaka, bila wewe.

Ilinirudia nilipomzaa Fancy. Nesi wa zahanati aliniuliza nikasema niko sawa, kama wewe. Akauliza tena, akafunga mlango, akauliza tena, mpaka nikasema. Hakuniita mwenda wazimu. Alisema ni ugonjwa unaowapata wanawake wengi wakishajifungua, na una dawa. Akasema kuogopa kwangu hakumaanishi nataka kufanya. Nilipewa tembe, na dada yangu Joan akaja kukaa nami, awe anapika yeye. Ilichukua muda mrefu. Fancy ni mwalimu sasa, na hajui kwamba aliwahi kuogopwa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mtoto akikawia kupiga chafya, huwa anawekewa tumbaku kidogo puani. Nilikuwa nimelala ubavu nikaona mkono wa mama mkwe. Alikuwa amezeeka, mkono unamtetemeka, na tumbaku ikamwagika yote alipofika kwa Taplelei. Basi ulipiga chafya kwa sababu ya tumbaku, Quinter. Marehemu yule hakuwa na neno na wewe. Wangeweza kuita tena. Kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kusema hivyo, na mimi nikiwemo.

Usimpe Molly. Rudi kliniki useme ukweli. Mwite Gesare akae nawe wakati wa kumwogesha mtoto, umwambie kwa nini.

Mzee, baba yako, alikataza habari yako isitajwe tena, na watoto hawajui. Nitawaambia. Naogopa, lakini nimeogopa vitu vibaya zaidi nikiwa kimya.

Mama yako, kama unalikubali neno hilo,
Rebeccah


Kambi ya chai, Kericho
28 Aprili 2024

Kwa mama ya Kipruto,

Habari za huko. Sijui hata kama barua hii itafika. Wanasema maji yamekata barabara na Oyoo haonekani. Jibu lako sijalipata, na sikulaumu. Uliniambia nisiandike.

Molly alikuja jana. Alikuwa na blanketi jipya na chupa za maziwa. Nilimpa mtoto nikiwa nimegeuza uso. Aliniuliza kama nitakwenda kumwona, nikasema sitaki azoee sauti yangu. Gesare nimemdanganya kwamba amekwenda kwa shangazi yake.

Leo niliamka nikiwa mwepesi. Nikasema basi, ameokoka. Nikawasha jiko, nikapasha maji kwa mazoea tu, nikayamimina kwenye beseni.

Mama, yeye hayuko. Yuko Chepseon. Na bado nilimwona humo ndani ya maji, na mikono yangu juu yake.

Nimetoka nje. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi kwa sababu siwezi kurudi ndani na lile beseni. Kama hofu haikwenda naye, nimemtoa kwa nini?

Sitaandika tena.

Quinter


Kambi ya chai, Kericho
12 Mei 2024

Kwa mama yangu Rebeccah,

Chamgei mama. Salamu kwa mzee, kama ameshajua kwamba nipo. Salamu kwa Fancy na Kipruto, kama nao wamejua. Mimi nipo, naandika ndani ya nyumba.

Oyoo alifika barabara ilipofunguka, barua yako ikiwa chini ya magunia, ina harufu ya omena mpaka sasa. Alipitia kwangu kabla ya kuchukua ile niliyokuandikia mwezi uliopita, kwa hivyo hujaisoma. Naituma pamoja na hii. Isome ile kwanza, usiogope, halafu rudi hapa.

Katika kuisoma yako, nilipofika kwenye jiko lako lililozimwa, nilisimama. Nikaenda kwa Gesare nikampa asome yote. Alisoma polepole akaniangalia. Akasema, "Kumbe ndiyo maana kisu chako kiko kwangu. Mimi nilidhani ni zawadi." Halafu akafunga mlango wake, akafunga na wangu, tukaenda Chepseon.

Molly alisimama mlangoni akiwa amembeba. Alisema, "Mtoto si sufuria, Akinyi, uniazimishe kisha uje kuidai." Nilimwambia ni kweli. Nikamwambia na mengine, beseni na yote, pale mbele ya duka, watu wakisikia. Nilijua akikataa sina cha kufanya. Kisha akaingia ndani, nikasikia analia, akatoka na mtoto amefungwa katika lile blanketi. Akasema blanketi nisimrudishie. Sijui nitamlipa nini mwanamke yule, na kuna siku naona nilimfanyia vibaya kuliko mtu yeyote.

Kliniki nilisema. Nesi akanishika mikono, hii mikono, akaishika tu. Hakuna aliyemchukua mtoto. Nimepewa tembe, narudi kila wanaponiita, na jina la ugonjwa nimeandikiwa, ingawa halinisaidii kama vile kujua kwamba nawe ulikuwa nao.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Picha bado inakuja. Jana tulimwogesha kwenye beseni, Gesare amemshika, mimi namwaga maji kwa kikombe. Nilimwaga kidogo, nikatoka nje, nikarudi, nikamwaga tena. Gesare alisema kwa mwendo huo mtoto ataanza shule bado ana sabuni. Lakini alioga.

Kliniki wanataka jina la kuandika kwenye kadi. Nimewaambia wangoje kidogo. Njoo, mama. Mzee akikubali njoo naye, asipokubali panda na Oyoo, uvumilie harufu. Wewe utaita majina ya kwenu, mimi nitaita ya kina Loice, na hata la Taplelei tutaliita, maana hakufanya kosa.

Tumbaku iache Ndanai. Akikawia, tutangoja.

Mtoto wako,
Quinter