Kilo Tisa na Mia Nane

Chumba cha kushonea,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na mapacha, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Sisi huku tunashukuru, tunaamka na tunakula. Cherehani yangu nayo imepona baada ya kubadilishwa mkanda, na sare za shule zimenijaa mpaka juu ya kitanda, kwa hiyo usione kimya changu ukadhani nimekusahau.

Baba kwa mwili hajambo. Sukari imeshuka, miguu haivimbi tena. Macho ndiyo yanayomwangusha, kama nilivyokudokeza kwenye simu. La kulia limezima kabisa. La kushoto linaona vipande vipande, leo kipande hiki, kesho kile. Gazeti hasomi tena. Lakini thubutu umwambie hawezi kufunga ndoana! Anaifunga kwa vidole na ncha ya ulimi, upesi kuliko mimi ninavyotunga uzi kwenye sindano.

Sasa nikupe habari iliyonikalisha kuandika. Baba amevua kambale, na si kambale wa kitoweo.

Ule ubao wa chama cha wavuvi pale bwawani bado upo ukutani, na jina lako bado liko mstari wa tatu, ingawa rangi imeanza kubanduka: kambale, kilo kumi na moja na nusu. Kila Jumamosi nikimpeleka Baba, lazima asimame mbele yake aniulize, "Bado yupo?" Namjibu, "Yupo, Baba." Anaguna: "Yule bwana alibahatika tu." Yeye aliyekufundisha kushika ufito wa kuvulia, miaka yote hii hajawahi kuingia ubaoni.

Huenda masharti umeyasahau, na mengine yameongezwa. Samaki haingii ubaoni kwa sababu watu wamepiga kelele kwamba ni mkubwa. Kila aina ina kiwango chake. Perege wa kilo mbili anaingia, maana kwa perege huyo ni jitu, lakini kambale wa kilo mbili ni mtoto bado, yeye lazima afikishe kumi. Avuliwe kwa ndoana, si kwa wavu, na mkono wa mtu mwingine usiguse ufito mpaka samaki awe nchi kavu. Apimwe kwa mizani ya chama mbele ya mashahidi wawili, na kabla ya hapo apapaswe tumbo, tangu fundi bomba mmoja alipomshindilia kambale wake nati za chuma.

Msimamizi wa yote hayo ni mama mmoja tunamwita Mama Mizani. Humjui, alikuja baada yako. Alipima watoto wachanga kliniki miaka thelathini, na alipostaafu akahamia kwa samaki. Anasema samaki wana nafuu, mama zao hawabishani na mshale.

Basi, Jumamosi ya tarehe 6, kwenye saa nne asubuhi, tulikuwa upande wa mawe. Baba kwenye kiti chake cha kukunja, kidole cha shahada juu ya mshipi. Mimi pembeni napinda mikono ya shati la mteja. Mara nikaona kidole kimeinuka. Akasubiri, akasubiri, mpaka mimi ndiye niliyeishiwa pumzi. Kisha akavuta.

Ufito ulipinda nikadhani unakatika. Nikatupa shati nikamkimbilia.

"Usiguse!" akafoka. "Ukigusa umeniharibia! Wewe niambie tu anaelekea wapi."

"Kushoto, Baba. Anakimbilia kwenye magugu. Mzuie! Haya, anarudi, anarudi..."

Jasho likamwingia kwenye yale macho, na bado alimwachia mshipi na kuurudisha, akamwachia na kuurudisha. Nusu saa nzima. Mwisho akaingia majini mpaka magotini, akampapasa, akamshika chini ya taya kwa mikono miwili, wakaanguka pamoja kwenye nyasi wamekumbatiana kama ndugu waliopotezana. Nilicheka mpaka nikalia.

Alikuwa mkubwa, Baba Mdogo. Nilimlaza kwenye futi yangu ya kushonea: sentimita mia moja na tatu, toka mdomoni mpaka ncha ya mkia. Tukamviringisha kwenye gunia bichi, tukambeba hadi kwenye banda la chama. Mama Mizani alipomwona akatoka mbio kwenda kuita mashahidi. Tukabaki wawili, na Baba hakuweza kungoja.

"Mtundike, mwanangu. Nisomee."

Nikamtundika. Mshale ukayumba, ukatulia. Kilo tisa na gramu mia nane.

Nilimtazama usoni. Alikuwa amekaza shingo kama mtoto anayesubiri jina lake liitwe. Ulimi wangu ukatangulia. Nikasema, "Kumi, Baba. Kumi na kidogo."

Alikaa pale pale sakafuni. Akavua kofia. "Kumi," akasema taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akaangua kicheko. "Sasa yule mdogo wangu atajificha wapi?" Sijamsikia akicheka vile tangu Mama atutoke.

Mama Mizani akarudi na madereva wawili waliokuwa wanavua jirani. Nikamwahi mlangoni, nikamvuta kando. Nikamnong'oneza kwamba ni gramu mia mbili tu zimepungua, na mzee mwenyewe haoni, nani atadhurika?

Alinitazama kwa yale macho ambayo nadhani akina mama waliokosesha watoto chanjo wanayajua. "Kwa kuwa haoni, ndiyo maana lazima nimsomee sawasawa," akasema kwa sauti ya chini. "Asiyeona ana nini kingine, zaidi ya neno la anayemsomea?"

Akanipita. Akampapasa samaki tumbo, akasogea kwenye mizani, akasoma kwa ile sauti ya kliniki: "Kilo tisa, gramu mia nane."

Baba aligeuza uso, si kwa Mama Mizani, bali kwangu.

"Wewe ulisoma ngapi?"

"Hiyo hiyo, Baba."

Hakunikemea. Heri angenikemea. Alivaa kofia, akawashukuru mashahidi kwa muda wao, akaomba nimshike mkono tuondoke.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda jikoni akaanza kumchuna samaki mwenyewe, kwa kupapasa. Nilisimama mlangoni nisijue nikae au nitoke. Alipofika kwenye mkia ndipo aliposema, "Gramu mia mbili nimezikosa, si kitu, nimezoea. Lakini wewe nikikukosa, nitashika wapi?"

Akamgeuza samaki upande wa pili.

"Kuna kingine ulichonisomea namna hiyo?"

Baba Mdogo, kilikuwepo. Nakuambia na wewe leo, maana nawe nilikuficha. Mwezi uliopita daktari wa macho alimpa barua, nami nikamsomea kwamba wataangalia tena baada ya muda, na kwamba matumaini yapo. Haikuandikwa hivyo. Niliichomeka kwenye mtoto wa meza, chini ya vifungo, nikawa naikwepa hata nikitafuta kifungo.

Nikaenda kuitoa. Nikaisoma nikiwa nimesimama, neno kwa neno: upasuaji hautasaidia tena, na jicho la kushoto nalo halitarajiwi kuvuka mwaka huu. Aliniambia nirudie mstari wa pili. Nikarudia. Kisu kikasimama juu ya samaki, hata maji yakachemka jikoni nisiyaone.

"Mwisho wa mwaka," akasema. "Basi tusipoteze Jumamosi hata moja."

Hapo machozi yakanishinda. Alinivuta kichwa akanifuta uso kwa kiwiko, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na utelezi wa samaki. Akasema nilikuwa nataka kumbebea mzigo bila kumwambia ni mzigo gani, na kwamba mtu habebewi hivyo. Nimemwahidi kwamba nitakachosoma ndicho atakachosikia, kiwe kitamu au kichungu. Tangu siku hiyo, utashangaa, nalala vizuri zaidi.

Samaki tulimla siku tatu. Siku ya pili Mama Mizani alikuja kutujulia hali, tukamkaribisha mezani. Alileta gazeti, na baada ya kula akamsomea Baba ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya matairi, bila kuruka mstari. Amekuja tena mara mbili. Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu kwamba Baba ameanza kuniuliza kama shati lake lina pasi.

Mpe Mama Mdogo salamu zangu nyingi, mwambie vipimo vya lile gauni nimevihifadhi asije akaniletea vipya. Mapacha wape mabusu. Shangazi Mkubwa ukimpigia simu, mwambie hatujambo na kwamba atapata barua yake.

Baba ameniambia nikuandikie uzito wa samaki kama ulivyo, nisiongeze hata gramu. Na jambo la pili ndilo kubwa zaidi: omba ruhusa kazini, uje kabla ya mwaka kwisha. Nilimwambia unaweza kutuma picha, mimi nimweleze ulivyo sasa. Alikataa katakata. Anasema anataka kujua umezeeka kiasi gani, na hilo hataki kusomewa na mtu.

Mungu akuongoze katika safari hiyo, akurudishe salama mikononi mwetu.

Ni mimi mwanao nikupendaye, uliyenipa jina la utani na hakuna aliyelisahau,

Kifungo