Mashuka Matatu Bustanini

Kicukiro, Jumanne, Julai 1993

Watoto wangu watatu wamekufa, kwa mujibu wa jirani yetu, Mama Goreti, aliyenipokea langoni leo jioni akilia: "Pole, Baba Solange. Wote watatu!"

Nilitazama bustanini. Mashuka meupe matatu yalikuwa yamelazwa sambamba, yamebanwa kwa mawe. Miaka ishirini ya upelelezi wa polisi nimeuliza maswali mahali pa namna hiyo. Leo sikuuliza hata moja. Nilikaa chini.

Mlango ukafunguliwa. Solange akataka kujua kwa nini nimekaa kwenye vumbi. Wadogo zake wawili walikuwa nyuma yake, wakila viazi.

Chini ya mashuka kuna miche ya nyanya. Baridi ya usiku wa kiangazi imeanza kuidumaza, na asubuhi mimi mwenyewe nilimwambia mke wangu aifunike. Sikukumbuka.

Mama Goreti alifuta machozi. "Kumbe nyanya zako zinajifunika mashuka, mimi nalalia mkeka!"

Tulicheka. Lakini siku hizi za vita, sote wawili tuliona shuka chini, na hakuna aliyefikiria mboga.

Kesho saa kumi na moja jioni tutaifunika miche kwa majani ya migomba.