Ndimu Ulizokuwa Ukinituma

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukusema bila kukuamkia. Leo nimekuja na maneno.

Ijumaa tulikusomea hitima ya arobaini, hapa hapa Njoro, watu wakajaa mpaka barazani. Nilitaka sahani za tende zikae juu ya kile kitambaa cheupe cha meza ulichonidarizia nilipoolewa. Siku mbili kabla, nilipofungua lile sanduku lako la bati, nikakuta limeoza chini. Kitambaa kimeshika kutu katikati, doa kubwa kama kiganja.

Sikuogopa. Mimi si binti yako? Nikakamua ndimu, nikanyunyiza chumvi, nikakianika juani kama ulivyonifundisha. Doa likapauka kidogo, kisha likagoma. Nikarudia, likagoma vilevile. Nikakaa uani nikalia, maana nilikusikia kabisa: "Una mkono mzito, mwanangu. Kutu inakudharau." Maneno hayo nimeyaamini tangu utotoni. Watu walipoleta kanzu zilizoshika kutu kwenye waya wa kuanikia, niliwaambia wamsubiri Mama, mimi siwezi.

Kesho yake akaja Mama Evarist, rafiki yako wa Kibosho aliyekuwa akikuletea ndizi. Alipitia mlango wa uani kama kawaida yake, akanipa pole, halafu akaweka kidumu chini. Mbege! Nikamuuliza, pombe ya nini nyumbani kwetu? Akasema, "Si pombe tena hii, mama, imeshachacha, imekuwa siki. Ni ile yake ya kutolea kutu. Alinikataza nisikuonyeshe, lakini sasa nimpe nani?"

Nikaloweka kitambaa humo, nikatia chumvi, nikakianika. Alasiri doa halikuwepo. Lilitoka kwa mkono huu huu mzito, Mama.

Kumbe ndiyo maana. Kila ulipofika penye kutu ulinituma: "Kimbia dukani, ndimu hazitoshi." Nikirudi nahema, doa limeshatoka, na zile ndimu za kwanza bado zimejaa kwenye ungo. Niliziona, na sikuwahi kukuuliza. Ningekuulizaje, na wewe ni mama yangu?

Kwa Baba naelewa. Baba hakutaka hata harufu ya pombe ipite mlangoni. Lakini Baba alitangulia, tukabaki wawili miaka mingi, na bado ulinituma ndimu, mtu mzima na watoto wangu! Siki iliyogeuka yenyewe haina neno, shehe angekwambia kama ungemuuliza. Sema ulipenda watu wasifu mkono wako. Basi ungewaficha wao. Mama Evarist alijua, na mimi niliyekuogesha ulipougua sikujua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikupenda kukutamkia methali hiyo wewe, lakini nimeumia na sina nyingine.

Kitambaa nilikitandika. Bi Mwanaidi, jirani yetu, akakipapasa akasema, "Marehemu alikuwa na mkono mwepesi, jamani." Nikaitikia, Mungu amrehemu. Mama Evarist alikuwa amekaa pembeni. Tukatazamana, tukainamisha macho. Nimekusitiri, kama unataka kujua.

Nakuombea kila baada ya swala, na nikimaliza kukuombea nakugombeza, hapo hapo juu ya msala. Mungu akupanulie kaburi lako, Mama. Hasira zangu usizijali sana, zitapoa, ila si leo.

Mama Evarist nimemwambia aendelee kuleta kidumu, na apitie mlango wa mbele. Mjukuu wako Salha ameanza kuuliza kutu inatolewaje. Nakuahidi nitamkalisha hapa uani, kando ya beseni, aone kila ninachotia. Sitamtuma ndimu.

Mwanao,
Zubeda