Kengele ya Mlango Imenirudisha Ndani

Jumanne, hapa Whitehall, huku ughaibuni. Theluji imegeuka barafu, na hasira yangu haijapoa tangu asubuhi.

Leo nimefukuzwa barabarani na kengele ya mlango.

Ndiyo, kengele. Ile yenye kamera na spika, inayounganishwa na simu. Binti yangu Furaha ndiye aliyeinunua, na mimi nikaifunga kwa mikono yangu, skrubu mdomoni, nikifurahi kama mtoto.

Bon, sikilizeni. Nilikuwa nimevaa koti, nakwenda maktaba. Kila Jumanne tunakutana pale, mimi na wazee wenzangu, kufufua kompyuta kuukuu. Nimeshuka ngazi moja tu, sauti ya Furaha ikatoka ukutani, na yeye yuko kazini kwenye ghala: "Mama! Unaenda wapi? Kuna barafu. Rudi ndani, tafadhali."

"Nimekuzaa mimi," nikaiambia kengele. "Usiniamrishe."

"Mama, jirani anasikia."

Kweli alikuwa anasikia. Yeye na mbwa wake, wote wawili wananitazama nikigombana na ukuta.

Nikarudi.

Mimi! Nikiwa msichana Bukavu, mjomba alileta kompyuta ya kuchomeka kwenye televisheni. Programu zake zilikuwa kwenye kaseti, zinalia kama paka aliyekanyagwa. Akasema si kitu cha wasichana. Nikangoja atoke, nikakigusa. Umeme ukikatika, yote niliyoandika yanapotea, naanza upya. Shule niliiacha darasa la nne. Kompyuta sikuziacha hata siku moja. Nani aliunganisha intaneti humu ndani? Nani anatengeneza simu zenu?

Lakini tangu nilipoteleza kituo cha basi mwezi uliopita, siwezi kufungua mlango bila simu ya Furaha kulia. Siku nzima niko kwenye kochi, nasikiliza friji.

Kuizima hiyo kengele naweza, tena upesi. Sitaki. Imetengenezwa vizuri, haina kosa. Na mimi si mwizi wa kutoroka nyumba yangu.

Kinachoniuma ni kwamba nilirudi haraka mno. Sikubisha tena. Au barafu naiogopa mimi mwenyewe, na kengele imenipa kisingizio?

Kesho natoka. Maktaba hatukutani, haidhuru, nitafika kituo cha basi na kurudi. Furaha, najua unasoma ninayoandika hapa mtandaoni. Ukiniona kwenye kamera, nyamaza. Ukitaka kunirudisha, acha kazi, njoo unishike mkono.