Mu Karatasi ya Doctorat, Ketsia Haiko

Mpendwa Mama Hortense wa radio, unisaidie. Sasa hivi Ketsia, mutoto wetu wa miaka mbili, amevuta ile dictionnaire kubwa ya latini ya baba yake, ikaanguka, karatasi moya ikatoka ndani, akaniletea huku anacheka, "Mama, soma!", na mimi nikasoma. Bwana yangu Katsuva anafundisha latini ku masomo ya secondaire hapa Bunia, na juma iliyopita kule Bulaya walimukubali afanye doctorat ya latini na kigiriki cha zamani, miaka ine, na bourse ya kumulipia masomo, mpaka kanisa nzima iliimba, na mimi nililia na furaha, juu kila asubui mbele ya kukaanga mikate ni mimi namushikia cahier, daftari yake ya latini, namuuliza maneno, nilifika tu sixième primaire, darasa ya sita, maana yake sijue, lakini kusoma najua, na kama anakwama namunongoneza herufi ya kwanza, njo tulisoma vile miaka tatu. Anaenda mwezi kesho, alisema siye tutamufuata kisha mwaka moya. Sasa hii karatasi ni kopi ya fomu alituma kule. État civil: célibataire, ni kusema hajaoa. Enfants, watoto: zéro. Mama, zéro! Nimesoma mara tano, nikafikiri pengine ni ya mutu mwingine, lakini jina ni yake, signature ni yake. Wazee wake walileta mbuzi kwetu, pastere alituombea, Ketsia anafanana naye mpaka masikio. Kama hatuko mu karatasi, tutamufuata namna gani? Nimuulize, ao ninyamaze juu safari iko karibu? Bado natumaini ni kosa tu ya kalamu, na Katsuva naye anaingia, anaita, "Mama Ketsia, kuja na cahier!", sasa mimi ni

*

Mama Ketsia, pole mwanangu. Hata mimi nilipofika pa ile zéro nilivua miwani. Umetuma barua bila mwisho, na ni vizuri, juu mwisho yake iko kwa Katsuva.

Lakini nikugombeze kwanza. Mbuzi zilifika, pastere aliomba, kisha hakuna hata mutu moya alienda ku commune, ku biro ya serikali, kuandikisha ndoa. Nyinyi wote mulilala! Fomu ya Bulaya haiulizi mbuzi. Kwa célibataire, bwana yako anaweza kujitetea. Kwa zéro, hapana. Mutu anayejua majina ya wafalme waliokufa tangu miaka elfu mbili, asahau ya mutoto wake?

Usinyamaze. Usianze na mama-mukwe, wala na kanisa. Kesho asubui akiita cahier, weka ile karatasi juu ya cahier, Ketsia akae mu mapaja ya baba yake. Muulize: "Huyu iko wapi hapa?" Kisha, mbele ya safari, muende wote ku commune: ndoa iandikwe, acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa ya Ketsia, itoke, na yeye aandikie université barua ya kusahihisha, weye uisome mbele ya kuituma. Akikataa, ita wazee walioleta mbuzi na wale waliozipokea. Hao njo mashahidi yako.

Ukimuuliza, najua, atakwama. Mwache akwame. Mara hii usimunongoneze herufi ya kwanza.