Ruhusa ya Bi Somoe

Mchinga, Jumatatu

Mama, shikamoo. Mvua imenizuia kibarazani kwa Bi Somoe, ninakula mihogo ya nazi. Mjukuu wake Bakari, mwalimu wa madrasa na mkulima katika shamba la ujamaa la hapa kijijini, amealikwa Misri kwenye mkutano mkubwa wa vijana wa Kiislamu. Pasi ya kusafiria anayo. Radhi ya bibi yake ndiyo asiyo nayo.

“Wewe mwandishi umeshapanda ndege,” bibi aliniambia. “Huko juu ulijuaje kibla ni wapi?”

“Sikujua, Bibi. Niliswali nimekaa, nikaelekea ilikoelekea ndege.”

Bakari akacheka.

“Cheka tu,” bibi akamwambia. “Utaswali umeelekea jikoni!”

Kisha akaniuliza polepole, “Na ulirudi?”

“Nilirudi.”

“Ukamkuta mama yako?”

“Nikamkuta, mzima kabisa.”

Halafu akamwita Bakari, akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu mpaka mihogo ikapoa.

Mungu akuweke, Mama. Leo uzima wako umempa kijana wa watu ruhusa ya kusafiri.

Mwanao,
Rajabu